Babu, Jagi Nililishika Mimi

Babu yangu, mume wangu wa utani,

Shikamoo. Nakuona kabisa unavyokataa kuitikia marahaba mpaka niongeze "mume wangu", basi leo nimekupa yote mawili bila kuombwa. Barua hii nimeiacha wazi, anayetaka aisome. Ungekuwepo ungeniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa kuanika mambo yangu, mimi niliyekuwa naficha vidonge ndani ya kopo la majani ya chai. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka nilivyohamia kwako Pasiansi. Mama alikuwa ameshachoka. Mtu akipandisha ndoo za maji kwenye mawe ya mlimani kwetu, halafu akakuta binti yake ameyamaliza yote kwa kunawa, ana haki ya kuchoka. Nilinawa mpaka vidole vikapasuka. Nikiona damu naogopa kwamba sasa ugonjwa umepata pa kuingilia, nanawa tena. Nikitoka kwenye mikono nahamia kwenye moyo: naweka vidole shingoni nasikiliza mapigo, na ukiyasikiliza mapigo kwa kuyashuku hayakosi kasoro. Nilipimwa moyo, nikapimwa damu, nikapimwa kichocho, ingawa ziwa lenyewe nilikuwa nimelisusa, nalitazama tu kutoka barazani kwako. Kila jibu lilitoka safi, na kila jibu lilinituliza mpaka nifike getini.

Majirani walikuwa na majibu yao, unayajua: mara nimerogwa, mara nina mapepo. Wewe ulisema, "Mke wangu anaumwa. Mtu akiumwa anapelekwa hospitali." Ukavaa koti lako la kanisani tukaondoka. Daktari alitueleza taratibu kwamba ugonjwa wangu unaitwa OCD. Fikra moja inang'ang'ania kichwani, inamlazimisha mtu kurudia jambo lilelile ili apate amani, na kwangu ilikuwa imeshikamana na hofu ya magonjwa. Ulimuuliza kama ugonjwa huo una dawa. Akasema ipo, pamoja na mazoezi ya kuizoea hofu bila kuitii. "Basi andika," ukamwambia, kama mtu anayeagiza chai.

Alituonya kwamba mwanzoni dawa ingenisumbua, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kupatwa ni kingine. Kichefuchefu kila asubuhi. Mdomo mkavu. Jasho hata kivulini. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Hebu fikiria, mtu anaogopa kila dalili, halafu anapewa dawa inayomletea dalili! Mdomo ulipokauka nikajua nina kisukari. Mikono ilipotetemeka nikajua mishipa ya fahamu imekwisha. Wiki zile za mwanzo nilikuwa na magonjwa mengi kuliko niliyoyapeleka hospitali.

Nilikuwa nimeamua kuacha. Hilo sikukwambia. Ila asubuhi hiyohiyo niliyoamua, ukafungua kopo la majani ya chai ukakuta vidonge.

"Umeviiba?"

"Hapana, Babu."

"Sasa umevificha kwa nini?"

Ukaviweka mezani karibu na chumvi, ubavuni mwa vidonge vyako vya presha. Tulipomaliza uji ukachukua kikombe chako cha bati cha maji ukakigonga kwenye changu kama tupo harusini. "Hiki kidonge changu kinanikimbiza chooni mchana kutwa. Hicho chako kinakutikisa. Haya, tuone nani ataacha kwanza." Nikameza kwa ubishi tu, Babu. Kesho yake nikameza tena kwa ubishi huohuo. Sijui kama kuna daktari aliyewahi kuuandika ubishi kwenye cheti, lakini mimi ulinisaidia.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa cherehani. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni fundi gani? Wateja wangu wa Igogo walikuwa wameanza kuuliza nguo zao. Siku moja ukanikuta nimelala juu ya meza ya cherehani nalia, ukavuta kigoda. Macho yako yalikuwa yamefifia lakini mkono wako ulikuwa umetulia. Ukaushika uzi wewe, mimi nikawa macho yako. "Juu kidogo. Hapana, kushoto. Kushoto kwako, Babu, siyo kwangu!" Uzi ulipopita tulishangilia mpaka jirani akachungulia kuuliza nani kajifungua. Wiki iliyofuata tulirudi kwa daktari, nikamweleza habari ya mikono bila kupunguza wala kuongeza, akabadilisha kipimo cha dawa. Kutetemeka kukapungua. Hakukuisha, lakini kulipungua.

Kazi ngumu kuliko vidonge uliifanya wewe. Nilizoea kukuuliza kutwa nzima. "Babu, nishike, nina homa?" Ulikuwa unaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso wangu, unasema huna kitu, nami natulia kwa muda wa kuivisha chai, kisha narudi kuuliza. Daktari akakwambia kwamba kila jibu lako linaulisha ugonjwa. Nilikuona ukiinama kama mtu aliyepewa msiba. Toka siku hiyo ukabadilika.

"Babu, nina homa?"

"Sijui, mke wangu."

"Moyo wangu je? Nitakufa?"

"Sijui. Nisogezee chumvi."

Nilikuchukia. Nilikuita mzee mwenye roho mbaya, tena kwa sauti, majirani wakasikia. Macho yako yalilowa, usidhani sikuona, lakini mkono wako hukuuinua. Sasa najua jinsi ulivyotamani kuuinua. Ilichukua muda, na kuna siku nilirudi nyuma kabisa, ila taratibu nikaanza kuliona jambo moja: swali lilikuwa linakaa bila jibu, na mimi nilikuwa bado nashona.

Halafu ukaumwa wewe. Mchana ule wodini, shangazi Leokadia alipotoka kwenda kununua maji, ukanivuta karibu. Sikuwahi kukuona umeogopa.

"Mke wangu, hivi mimi nitatoka humu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, Babu, mtamu kabisa. Nikaumeza kama ninavyomeza vidonge.

"Sijui, mume wangu. Ila nipo hapa."

Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. "Mwanamke una roho mbaya wewe," ukasema, ukaukamata mkono wangu, huu huu unaotetemeka, hukuuachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Nilitoka pale nikilia, lakini nilitoka nimenyooka.

Sasa nikusimulie ambacho hukukiona. Msibani kwako watu walijaa mpaka juu ya mawe. Ndugu wa Ukerewe walivuka ziwa, wa Ilemela wote walikuja, hata yule fundi wa redio uliyegombana naye alikuja, tena alilia kuliko wote. Wali ulipoiva, akatakiwa mtu wa kupita na jagi na beseni kunawisha wageni. Nilisimama. Shangazi akanizuia kwa upole, maana ananipenda. "Wewe kaa tu, mwanangu. Utamwaga maji."

Nikamwambia, "Shangazi, lete hilo jagi. Aliyekufa ni mume wangu."

Wanawake wakacheka katikati ya machozi, naye akaniachia. Nikapita, Babu. Mimi, ambaye maji na mikono ndivyo vilivyonitesa, nikainama mbele ya kila mtu kumwagia mikono yenye udongo wa kaburi lako. Jagi lilicheza. Maji mengine yalikwenda kwenye beseni, mengine kwenye viatu vya watu. Mzee mmoja wa kanisani akanitazama vile watu wanavyomtazama mlevi.

"Mjukuu, leo umekunywa?"

Pale ndipo ningeweza kudanganya kwamba ni uchovu. "Nimekunywa, mzee," nikamjibu, na nilisikia sauti yangu ikitoka bila kutetemeka. "Nimekunywa dawa. Naumwa fikra, natumia vidonge, vinatikisa mikono. Lete na huo mwingine."

Akaleta mkono wa pili. "Mungu akuponye, mama," akasema. Binti mmoja aliyekaa nyuma yake aliniangalia mpaka nikamaliza mstari. Baadaye alinifuata jikoni kuniuliza, kwa sauti ya chini, ni hospitali gani. Ni kwa ajili yake nimeiacha barua hii wazi.

Nilipomaliza wageni, shangazi akalichukua jagi mkononi mwangu. "Na wewe lete mikono." Akanimwagia yale yaliyobaki, mara moja, kama alivyomwagiwa kila mtu, kwenye beseni lilelile. Nikakaa kwenye sinia na wanawake watano. Fikra ikaja mbio kama ilivyotarajiwa. Ikaniuliza kama mikono imetakata, kama nina hakika, kama sitaumwa kesho.

Nikaijibu sijui, nikatia mkono kwenye wali.

Natamani ungeniona. Najivunia, Babu, sioni aibu kulisema. Sijapona kama watu wanavyolielewa neno kupona. Mdomo bado unakauka, nanyonya barafu. Zipo siku nanawa zaidi ya inavyotakiwa. Lakini wiki iliyopita nimemaliza kushona sare za kwaya nzima, na uzi nautunga mwenyewe, nikiwa nimeegemeza kiwiko mezani, nikijiambia kushoto kwako, siyo kwangu.

Kikombe chako cha bati kipo palepale, karibu na chumvi. Leo baada ya uji nimekigonga na changu, nikameza. Uliacha kwanza, Babu. Nimeshinda, na ningetoa kila nilicho nacho ili tuendelee kushindana.

Pumzika, mume wangu. Nipo hapa.

Mkeo wa utani,
mjukuu wako wa Pasiansi