Kisiwa Chetu Ndani ya Kisanduku

Kawasaki, 6 Oktoba

Dada Tsuruko,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mjomba Zenkichi ameanza kuukanyagia ule mguu, au bado? Na paa lake nani analimalizia? Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kubeba mbao za sakafu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mjomba aliitazama ramani ya tahadhari kwenye simu, akaona dhoruba iko chini kabisa na kisiwa chetu kiko juu, ndani ya kisanduku kilichochorwa pembeni, akadhani ana siku nzima ya kutengeneza paa, kumbe dhoruba ikamkuta huko huko juu. Unauliza kwa nini watengenezaji wa ramani waliipuuza barua yenu yenye sahihi za watu mia mbili, mlipoomba kisiwa kitolewe kisandukuni. Najua kwa nini.

Mwezi Mei tulikuwa tukitandika sakafu katika ofisi inayotengeneza ramani hiyo. Msimamizi wetu, Kuribayashi, alinitania kama kawaida yake kwamba sisi wa visiwani tunazaliwa kwenye kisanduku. Fundi wa ramani, Bi Hatano, akasikia, akaniita. Alinieleza kwamba dunia ni mviringo na kioo cha simu ni bapa, kwa hiyo ukiilaza nchi, lazima upoteze kitu. Akanionyesha michoro miwili. Kwenye mmoja tulikuwa mahali petu hasa, umbali ukiwa wa kweli, lakini nchi nzima ikawa ndogo mno kwenye simu. Kwenye wa pili nchi ilionekana vizuri, sisi tukakatwa na kupachikwa kwenye kona ya juu, ingawa kweli tuko kusini kabisa. Barua yenu ilikuwa mezani kwake. Wenzake walikuwa wamegawanyika, akataka kumsikia mtu wa huko.

Dada, mchoro wa kwanza ulinitisha. Kati ya Kawasaki na kwetu ni maji matupu. Miaka kumi na moja sijaja, hata kumzika baba sikuja. Kwenye ule wa pili kisiwa kilikuwa karibu, kama vile ningeweza kuja Jumamosi nikarudi Jumapili.

Nikamwambia, "Huu wa kisanduku unatutosha."

Mkutanoni wakaambiwa mwenyeji mwenyewe ameridhika. Ni mimi, dada. Mguu wa mjomba ni mimi.

Jana nilikwenda kumwomba Bi Hatano aubadilishe mchoro. Akasema neno langu liliwashinda watu mia mbili, basi niandike kwa jina langu kwamba nilisema uongo. Nimeandika. Nakala imo humu. Wasomee watu wote, ukianza na mjomba, na jina langu usiliruke.

Msalimie mama. Aprili mkikusanyika kula kaburini kwa baba, kama desturi yetu, msiniwekee sahani. Nitaileta mwenyewe.

Mdogo wako,
Morio