Jina la Chupani

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua. Nimechemsha lita arobaini, nimepoza, nimechanganya. Nilikuwa nabandika lebo Kamau alipofika, mapema kuliko kawaida. Kamau ni wakala wangu. Huu mwaka wa pili ananizungushia yogati kutoka hapa Mweiga hadi Nyeri na Karatina. Leo hakuja kuchukua kreti. Alikuja na karatasi.

Ati supamaketi moja mjini imekubali kuuza yogati yetu. Chupa mia mbili kila wiki! Nilitaka kuruka. Lakini wanataka kampuni iliyosajiliwa, kwa hivyo yeye ameshasajili. Nyange Maziwa Limited. Mkurugenzi ni yeye. Peke yake. Karatasi inasema mimi nitaleta yogati, na jina Nyange litakuwa mali ya kampuni. Anataka saini yangu kufikia Jumamosi.

Nyange ni ng'ombe wangu wa kwanza, mweupe kama yule ndege. Jina hilo niliipa yogati mimi, miaka minne iliyopita. Kamau sikuwa namjua hata kwa sura.

Nimefurahi na nimekasirika. Sijui kipi kimezidi.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu, Baba Ciru, anasema nitie saini, soko ni soko. Ng'ombe hakamuliwi kwa jina, anasema.

Nimempigia Rahab, tuliyesoma naye Tetu. Ana saluni mjini Nyeri. Kuna wakili husukwa kwake, anaitwa Njoki, na kesho saa nne yuko kitini. Nikuje tu, anasema. Atakaa masaa matano, hana pa kukimbilia.

Jumatano, 5 Machi

Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Njoki ni msichana tu, labda miaka thelathini. Kichwa kimeshikwa na wasusi wawili, hawezi kugeuka. Nimemshikia karatasi mbele ya uso, anasoma mimi nikifungua ukurasa. Kwanza akanionya: huu si ushauri wa ofisi, nikitaka wa ofisi niende ofisini. Hapa ananiambia kama dada.

Halafu akasema jambo ambalo nimelirudia njia nzima: "Anti, jina la kampuni ni la mlangoni. Alama ya biashara ni ya chupani. Huyu amesajili mlango."

Kumbe ni vitu viwili! Ofisi moja inasajili kampuni, nyingine inasajili alama. Kusajili kampuni hakumpi Kamau jina lililo kwenye chupa yangu. Aliyelitumia kwanza sokoni ana haki, lakini haki hiyo lazima niwe na vitu vya kuionyesha. Na niombe alama haraka, kabla hajaomba yeye. Nikitia saini hiyo karatasi, basi, nimempa kila kitu kwa mkono wangu.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye draya ya nywele alitoa kichwa nje asikie vizuri.

Njoki alikataa kulipwa. Akachukua chupa tatu za yogati. Moja aliimaliza pale pale kwa mrija, kichwa wima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepindua nyumba. Nimepata leseni ya chakula ya kaunti, ya miaka minne iliyopita, imeandikwa Nyange. Risiti ya lebo za kwanza. Picha ya harambee ya kanisa, chupa zangu ziko mezani mbele ya pasta, na simu inaonyesha tarehe. Sikuwa najua kwamba takataka za kabati ni ushahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Saiba, kwenye kompyuta za kukodi, asubuhi nzima. Mimi na dada wa hapo tumetafuta kwanza kama kuna mwenye alama ya Nyange kwa maziwa. Hakuna. Tumejaza ombi. Ati kila bidhaa duniani ina daraja lake, na maziwa ni daraja la ishirini na tisa. Mimi ni wa daraja la ishirini na tisa! Nimecheka peke yangu hadi dada wa saiba akaniangalia.

Ombi limeingia. Nina namba.

Jumamosi, 8 Machi

Kamau amekuja, kalamu tayari kwenye mfuko wa shati. Nimemwambia sitii saini. Nimemwonyesha namba ya ombi.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Mama Ciru, lakini ni mimi nimeitembeza hii yogati. Watu wa Karatina wanajua uso wangu, si wako."

Ni kweli. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nikamwambia tufungue kampuni pamoja, yeye awe na hisa, na jina libaki langu. Akasema hawezi kuanza tena akiwa wa pili. Akashusha kreti tupu kutoka kwa pikapu, moja moja, akazipanga vizuri ukutani, akaenda.

Sina wakala. Naogopa. Lakini Jumatatu naenda kwa hiyo supamaketi mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Meneja ni mwanamke wa Othaya. Ameonja, ameuliza maswali mengi. Atangoja nisajili kampuni yangu, lakini si zaidi ya mwezi. Nimetoka nikitembea kama mtu amepewa shamba.

Jumatano, 30 Julai

Kampuni yangu niliisajili kabla mwezi kwisha, na supamaketi inauza. Sasa alama imetangazwa. Mwenye pingamizi ana siku sitini. Kila simu ikilia naruka. Nadhani ni Kamau.

Jumanne, 14 Oktoba

Hakupinga. Cheti kimetoka. Njoki ndiye amenisomea, safari hii ofisini kwake, na safari hii nimelipa. Baba Ciru amekisoma mara mbili. Akaniuliza kama kuna daraja la viazi vyake.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimepeleka chupa supamaketi. Kando ya zangu kuna yogati mpya, lebo ya kijani. Nikageuza chupa. Imetengenezwa Karatina, na namba ya simu iliyoandikwa ni ya Kamau. Amebadilisha jina la kampuni. Yogati ameipa jina la mama yake.

Nimenunua moja. Nimekaa kwenye ngazi za nje nikaonja.

Ni tamu. Nzito, haina sukari nyingi. Nimeimaliza.