Mwenyekiti na sahani ya wali

Swabaha, uko wapi? Semeni kaumbuka leo!

Si ndiye mwenyekiti aliyetukataza wali kikundi kizima ili tupungue? Na aliyepungua ni yeye peke yake, kilo sita. Basi tukaenda kwake Nyakahura kumpongeza, bila kumwambia.

Tukamkuta jikoni anakula wali. WALI, Swabaha! Na maharage na mchicha.

Akataka kuificha sahani chini ya kanga, wapi! Mama Nshoma akamuuliza, "Semeni, ni nini hicho?"

Machozi yakamlenga. "Nakula kila siku. Kikombe kimoja tu, basi. Niliona aibu kuwaambia, maana mimi ndiye niliyewakataza."

Kila siku! Na sisi miezi mitatu tunauota!

Mama Nshoma akafoka, "Kumbe tumechagua mwongo!" Hapo Semeni naye akapandisha. "Na nyie mlioacha wali, ugali mnakula mlima gani?"

Akatupata kweli! Maana Mama Nshoma huyo siku hizi akimaliza ugali wake anahamia kwenye ndizi za watoto.

Tukatazamana. Mwishowe Mama Nshoma akavuta kigoda, akakaa, akauliza kwa upole, "Sufuriani umebaki?"