Matobolwa ya Mama Kulwa

Bariadi, Jumanne, 1998

Nimemwambia. Kabla sijafa nimemwambia mke wangu, na mbavu bado zinaniuma kwa kucheka.

Miaka ile daktari aliponitaka nipunguze tumbo, kila alfajiri nilivaa raba zangu za mtumba nikaondoka mbio. Mbio zenyewe ziliishia kwa jirani yetu, Mama Kulwa. Nilikula matobolwa yake, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa karanga, kisha nikajimwagia maji usoni ili nirudi kama mwenye jasho. Mke wangu akawa anashangaa tumbo haliondoki. Uongo huo umenikera hadi uzeeni.

“Baba Masanja,” akasema leo, “yale matobolwa nilikuwa napika mimi, nampelekea jioni.”

“Wewe?”

“Ungekonda, watu wangesema una ule ugonjwa. Uso ningeuficha wapi?”

Tumecheka hadi nikakohoa. Sasa nimebaki mifupa mitupu, na kufa naogopa, lakini leo sikukumbuka. Akaweka bakuli la matobolwa mlangoni.

“Haya, kimbia uje ule, mzee!”

Hatua sita, na fimbo. Nimefika natweta, uso umelowa. Safari hii ni jasho la kweli.