Mlinzi wa Lango Aliyechelewa Kortini

Mama Rispah mpendwa, nisaidie, mimi ni mlinzi wa lango kwenye jengo la ofisi hapa Olaya, Riyadh, huu mwaka wa tano, na nyumbani Kenya nina ekari mbili kando ya msitu, nilizinunua kwa hati safi na ndiko alikozikwa mama yangu, sasa mwaka ule nilipokuja huku wenyeji wa msitu walikwenda kortini kudai ardhi ya mababu zao na shamba langu limo ndani ya mpaka wao, ilani ikabandikwa kwa chifu kwamba wenye mashamba wajitokeze, mke wangu Jerusha akanitumia picha ya ilani hiyo nami nikamjibu halas, yaani basi, kesi hiyo haifiki popote, hata jirani yetu Mama Jael, ambaye ni mwenyeji, alinipigia akanisihi niingie mapema tuelewane kuhusu kaburi, nikamcheka, na sasa hukumu ni mwezi ujao. Nataka kuingia kwenye kesi. Je, niseme sikupata habari kwa sababu kafili, mwajiri wangu, alinishikia simu? Mwenzangu Dancan ananishauri niseme nyanya yangu alikuwa mwenyeji. Mimi si mtu wa ovyo, Mama, langoni kwangu anayechelewa haingii, isipokuwa siku moja Pauline wa usafi, alikiri kwamba alipitiwa na usingizi, akatoa ikama, kibali chake cha ukaazi, nikamfungulia. Naogopa kulipoteza kaburi la mama.
Nahashon

Nahashon mwanangu, kwa kaburi la mama, pole. Kwa mengine sikupi. Unawafungia watu lango kwa dakika tano, wewe umechelewa miaka mitano unataka ufunguliwe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kafili mwache. Simu unayosema alikushikia ndiyo uliyomwandikia Jerusha halas, na jibu lako analo bado. Nyanya yako naye apumzike. Hakuwa mwenyeji siku ulipomcheka Mama Jael, hawezi kuwa leo.

Juma hili tafuta wakili, kisha nenda ubalozini ule kiapo kwamba uliiona ilani ukaipuuza. Wakili aombe uunganishwe kwenye kesi kwa ekari zako mbili tu, bila kuwachelewesha wenyeji, maana wamengoja kuliko wewe. Jaji anaweza kukataa, na atakuwa na haki.

Lakini kwanza, leo hii, mpigie Mama Jael. Usianze na hati yako, anza na samahani, halafu umwombe kaburi. Wewe mwenyewe unajua ni mchelewaji gani hufunguliwa lango. Fika kama Pauline.