Udongo Mbele ya Ukumbi Mtupu

Filadelfia, Pennsylvania
Ijumaa, Julai 27, 1787

Mpendwa dada yangu Keziah,

Leo ni miezi mitatu na siku tisa tangu nitoke nyumbani Connecticut. Hujambo? Mkono wa Baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila mgongo unanilalamikia na joto la huku ni la tanuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu: Baba kaanguka ghalani, kavunjika mkono, na ngano inaiva bila mvunaji. Ndiyo mkate wenu wa baridi nzima huo.

Nilikwenda papo hapo kwa msimamizi wetu, Bwana Plumley, kuomba ruhusa. Akakataa, kisa nilikubali kazi mpaka wajumbe wa majimbo wamalize kuiandika katiba ya serikali mpya. Watamaliza lini? Siri. Madirisha yamefungwa, walinzi mlangoni. Nilibeba bunduki miaka mitano ili tujitawale, leo siwezi hata kuambiwa nitavuna lini!

Kazi yenyewe, usicheke, ni kumwaga udongo juu ya mawe ya barabara mbele ya ukumbi wao, magurudumu yasiwapigie kelele wakifikiri. Mvua ikinyesha tunazoa tope, tunamwaga udongo mwingine.

Sasa sikia. Jana wajumbe waliahirisha mkutano kwa siku kumi. Wengine wamekwenda kuvua samaki. Leo asubuhi Plumley akatuamuru tumwage udongo vilevile. Dinny, Muayalandi ninayefanya naye kazi, akashindwa kuvumilia.

"Bosi, tunamnyamazishia nani? Viti?"

"Mwaga, Dinny! Sijaambiwa niache."

"Haya, viti laleni salama."

Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Bwana Plumley, niache nikavune."

"Uliahidi, Jabez. Mpaka wamalize."

"Wao wenyewe wameondoka hawajamaliza!"

Akanionyesha toroli la udongo. Nikamkabidhi koleo lake mkononi, nikaondoka.

Msalimie sana Baba, na Shangazi Thankful. Baba asijaribu mundu kwa mkono mmoja. Namjua kwa ubishi. Mungu awatunze, na mvua aishikilie huko juu kidogo.

Naondoka kesho alfajiri kwa miguu. Jumapili nitapumzika, Baba asije akanisomea Biblia nzima. Jumatatu tarehe 6 Agosti, kabla ya jua kuzama, nitakuwa nyumbani, na Jumanne naingia shambani.

Ndugu yako akupendaye,
Jabez