Mashudu ya Mbarika

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Debe la nne limetulia. Mafuta ya mbarika juu, mashapo mazito ya kahawia chini. Nimeyachuja mara mbili kwa kitambaa, nikachanganya nusu kwa nusu na dizeli ya stesheni, nikamimina kwenye tangi la pikapu. Ikawaka mara ya kwanza. Embu na kurudi Gachoka na magunia ya ndengu, bila kukohoa. Moshi kidogo tu. Muthoni, mke wangu, anasema gari linanuka kama jiko la harusi. Acheke tu.
Miaka ishirini na minane nilifundisha kemia kwa chaki. Leo kemia imevuta mzigo mlimani. Nina furaha na sioni haya kuiandika.

Jumanne, 3 Septemba
Mbegu za mbarika zimebaki gunia moja. Nakamua kwa jeki ya lori. Muthoni ameuliza mbona sikaangi mbegu kwanza, kama mama yangu alivyokuwa akifanya akitengeneza mafuta ya kupaka watoto. Nikamjibu mbegu ikikaangwa mafuta yanakuwa meusi. Akasema mama hakuwa mjinga. Nikamwambia mama hakuwa na gari.

Alhamisi, 5 Septemba
Jua kali. Wingu hakuna hata la kudanganya.
Dada yangu Rwamba amekuja kwa miguu. Mjane, ana mbuzi kumi na mmoja, na maziwa yao ndiyo anayokunywa mjukuu wake. Mbavu zao zinahesabika. Akaona magunia mawili ya mashudu nyuma ya ghala, makapi yanayobaki nikishakamua. Akauliza kama mbuzi wanakula. Nikasema chukua yote. Mashudu ya pamba tuliwalisha ng'ombe tangu tukiwa wadogo. Nikamshauri atie chumvi wasiyasuse. Nikampelekea mwenyewe kwa gari. Aliniombea baraka mpaka nikaona aibu.

Jumapili, 8 Septemba
Mbuzi wawili wa Rwamba wamekufa. Kuharisha damu. Anamtaja Nyaga, jirani yake mfuga nyuki. Mwezi wa saba mbuzi waliingia kwenye mawele yake, naye akasema mbele ya watu kwamba siku moja watajuta. Nyaga ameokoka, hana hata kisu kikali. Lakini neno alilisema.

Jumatatu, 9 Septemba
Wamefika saba. Ofisa wa mifugo hakuja, pikipiki haina mafuta. Rwamba amekaa chini na mmoja mapajani, anampangusa mdomo kwa leso. "Mwalimu, mbuzi yangu zimeisha," akasema. Sikuweza kumtazama.

Jumanne, 10 Septemba
Kitabu kiko rafuni tangu chuoni. Ukurasa wa mafuta ya mbarika nimeuchakaza kwa vidole. Unaofuata ulikuwa safi kabisa. Ni wa mashudu. Yana sumu. Haitoki na mafuta, inabaki kwenye makapi. Moto huiharibu.
Mama alikaanga.
Nimeua mbuzi wa dada yangu. Mimi, na chumvi yangu.
Nilienda kumwambia. Nikakuta ua umejaa watu, kila mmoja na jina la Nyaga mdomoni. Nikapakia mashudu yaliyobaki, nikadai nayahitaji kama mbolea ya mboga. Hakuna aliyeuliza. Nimeyazika nyuma ya choo. Naona haya, lakini naogopa kuliko ninavyoona haya.

Ijumaa, 13 Septemba
Makutano, Meru. Ahadi ilikuwa ya mwezi uliopita. Mzee Abdi, mwenye malori matatu, akanusa mafuta, akayasugua kati ya vidole, akaniambia nikiweza kumletea mapipa yeye ataacha stesheni. Mashallah, Mwalimu, akasema, mara mbili. Neno hilo nililingoja maisha yangu yote. Leo nimelisikia na halikunifurahisha.
Nikisema kuhusu mbuzi, nani atagusa mafuta yangu tena? Ndivyo nilivyojiuliza njia nzima. Hilo ndilo nililowaza, si Nyaga.

Jumamosi, 14 Septemba
Wazee wamekaa kwa Rwamba. Wote kumi na mmoja wamekufa sasa. Wameamua beberu apigwe mawe, kila mfupa ukivunjika mshukiwa aape hakutia sumu. Akiapa uongo, nyumba yake itaisha. Kila mtu hapa anakiogopa kiapo hicho, hata wanaoimba kwaya.
Nyaga akakataa. Akasema Biblia imemkataza kuapa, ndiyo yake ni ndiyo na siyo yake ni siyo, na hakuwagusa mbuzi. Mzee mmoja akamwambia asiye na hatia haogopi kiapo. Watu wakanung'unika. Imekwisha hapo. Kwetu anayekataa kiapo amejihukumu mwenyewe.
Mimi nilipewa kiti cha mbele, kama mwalimu. Nyaga alinitazama kidogo, kisha akatazama chini. Nikakohoa. Watu wakanyamaza wakidhani nitasema. Nikasema jua ni kali, wazee wasogee kivulini.
Mungu wangu! Jua ni kali!

Jumatatu, 16 Septemba
Mke wa Nyaga amefukuzwa kisimani. Amerudi na madumu matupu. Nilimpita na gari.

Jumatano, 18 Septemba
Mizinga ya Nyaga imechomwa, mchana kweupe, akiwa kanisani na mkewe kwa maombi ya katikati ya wiki. Yote tisa. Kijiji kizima kilisikia harufu ya asali ikiungua na hakuna aliyekimbia na maji. Ukiuliza nani, kila mtu alikuwa shambani. Ukame huu wote, shambani kufanya nini?
Sikula.

Alhamisi, 19 Septemba
Asubuhi Muthoni akaweka chai mezani, hakukaa. "Baba Njeru, ile kitu ulizika nyuma ya choo ni ya nini?"
Nikamwambia yote. Hakunitukana. Alifunga leso kichwani, akasimama mlangoni akingoja nivae viatu. Tukaenda pamoja, yeye mbele.
Kwanza kwa Rwamba. Nilianza kueleza sumu, joto, kukaanga. Akanikatiza. "Ulijua lini?" Jumanne ya wiki iliyopita, nikasema. Akahesabu kwa vidole, polepole, mpaka jana, mpaka mizinga. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nilisikia komeo.
Kisha kwa wazee. Walinisikiliza wamekaa. Hakuna aliyenipa kiti. Mzee yule wa kiapo akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa ule mkutano, maana aliniona pale na mdomo ninao. Nikasema sikuwa mgonjwa.
Tukaenda wote kwa Nyaga. Nyumba imefungwa. Kuku wanazunguka uani. Wameondoka na mkewe alfajiri, kwa shemeji zake huko Mikinduri.

Jumatatu, 23 Septemba
Nimempelekea Rwamba mbuzi wanne, wote niliokuwa nao. Alifungua zizi, akarudi ndani. Mjukuu ndiye aliyewapokea.
Abdi nimemtumia barua. Nimemwandikia kilichowaua mbuzi.

Jumapili, 29 Septemba
Mikinduri. Pikapu imepanda vilima vyote vya njiani kama kijana. Mafuta hayana kosa hata moja. Ningependa yangekuwa nalo.
Nilimkuta Nyaga kwenye shamba la miraa la shemeji yake, anapalilia. Jembe la kuazima. Nikavua kofia. Nikasema mbuzi niliwaua mimi kwa mashudu, na nilijua siku nne kabla ya mkutano, na nimeshawaambia watu wote, anaweza kurudi nyumbani.
Akamaliza mstari aliokuwa akipalilia. "Nilijua, Mwalimu," akasema. "Niliona Rwamba akichanganya mashudu yako na chumvi. Zilipoanza kuanguka nikajua ni hiyo."
Nikamuuliza mbona basi hakusema pale mbele ya wazee, akajiokoa.
"Ningesema, wangesema nasingizia mwalimu. Nikaona ninyamaze, wewe mwenyewe utasema. Ulipokohoa nikasema moyoni, sasa anasema."
Akainama akaendelea kupalilia. Nilisimama pale nimeshika kofia, mpaka mkewe akatoka na kikombe kimoja cha chai, akampa yeye.